Kukaza mwili bila kujimaliza: mwongozo kamili kwa wadada (na wakaka) wa Mtwara na Lindi

Wadada wenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na kote huku kusini, hii nimeiandika ndefu makusudi, mana kila mwaka naona kitu kilekile. Pesa za korosho zikishatoka harusi zinafuatana kila wikiendi, na mtu ana sare ya kushona, basi anaanza dayati na mazoezi kwa pamoja kama anafukuzwa, na baada ya miezi miwili nywele zinatoka kwenye kitana, macho yameingia ndani, na lile tumbo alilokuwa analikimbia bado lipo, limelegea tu.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa na kilo 62, nikataka mwili ukaze kabla ya harusi ya dada yangu, nikawa nakimbia kilomita nane asubuhi pale ufukweni Shangani, jioni jimu saa moja na nusu, na chakula changu ni maji ya ndimu asubuhi, mchana tango na yai moja, usiku kachumbari. Ndani ya wiki 10 nikafika kilo 52. Watu wakanisifia mwanzoni, baadae wakaanza kunong'ona kama naumwa. Siku zangu zilikata miezi minne. Nilikuwa nasikia baridi, Mtwara hii, mwezi wa 12, wenzangu wanapepea na kanga mimi najifunika shuka. Na ugoko wa mguu wa kulia ulikuwa unauma mpaka usiku nimelala, nikimwambia aliyekuwa ananifundisha anasema we kaza tu mwili unazoea. Haukuzoea.

Kwa hiyo haya ninayoandika ndio ambayo ningetaka mtu aniambie siku ile ya kwanza.

Kwanza elewa kwanini njia hii haikazi mwili

Mwili tunaouita umekaza ni vitu viwili tu, misuli iliyopo na mafuta yasiyo mengi juu yake. Sasa ukila kidogo mno huku unakimbia kila siku, mwili hauchomi mafuta peke yake, unavunja na misuli uitumie kama kuni, hasa ukiwa huli protini na hunyanyui kitu chochote kizito. Ndio mana unakuta mtu amepungua kilo 10 lakini mkono umelegea kuliko zamani. Mzani unasema umefanikiwa, kioo kinasema kitu kingine.

Na misuli haijengeki wakati unafanya mazoezi. Mazoezi yanaichana kidogo, inajengeka ukiwa umekula na umelala. Ukikata chakula na ukalala masaa manne tu mana saa kumi alfajiri unaamka kukimbia, unavunja tu hakuna anayejenga.

Alafu hili la kupiga situpu 500 ili tumbo liishe, jamani, mafuta hayatoki pale unapofanyia zoezi. Situpu zinakaza misuli ya chini, mafuta ya juu yake yanapungua kwa mpangilio wa mwili wako wenyewe na huwezi kuuchagulia. Na kujifunga nailoni tumboni ukakimbia na jua la Mtwara unapoteza maji tu, ukinywa lita moja uzito umerudi, na kwa joto letu la mwezi wa 11 mpaka wa 3 na unyevunyevu wa bahari unaweza kuanguka kabisa.

Chai za kukata tumbo nazo ziangalie vizuri, nyingi ndani yake kuna sanamaki, ile dawa ya kuharisha. Tumbo linakuwa flati kwa sababu umeharisha, mafuta yapo palepale, ila umepoteza maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige vizuri. Ukichanganya hiyo na kutokula na kukimbia, unacheza na moyo wako.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwili wako, usikisie

Chukua kalamu. Kwa mwanamke, uzito wako kwa kilo zidisha mara 10, ongeza urefu wako kwa sentimita mara 6.25, toa umri wako mara 5, toa 161. Mwanaume anafanya hivohivo ila mwishoni badala ya kutoa 161 anaongeza 5. Mimi nikiwa na kilo 62, urefu sentimita 160, miaka 27, inakuja 620 + 1000 - 135 - 161, jumla kalori 1324. Hizo ni kalori mwili unatumia hata ukilala kitandani siku nzima hufanyi kitu, moyo, mapafu, ubongo, figo, vyote vinakula hapo. Ukiwa unatembea na kufanya kazi kidogo zidisha mara 1.375, kama una mazoezi ya kweli siku tatu mpaka tano kwa wiki zidisha mara 1.55. Mimi ilikuwa kama 2050. Ni makadirio, lakini yanakutoa gizani.

Mimi nilikuwa nakula hata 1000 hazifiki, na mazoezi yalichoma 450 au zaidi. Toa hapo, mwili ulibakiwa na chini ya 550 wakati unataka 1324 za kulala tu. Unadhani zile nyingine mwili ulitoa wapi? Ulizima vitu. Ulizima hedhi, ulipunguza joto la mwili, ulipunguza mapigo ya moyo, nywele ukaziona sio muhimu.

Kama unataka kupungua, toa kalori 300 mpaka 500 kwenye ile hesabu kubwa, isizidi hapo, na usishuke chini ya ile hesabu ya kulala kitandani. Kupungua nusu kilo kwa wiki inatosha sana. Wewe unayefanya kazi ngumu, unayeshinda shambani kuokota korosho, unayebeba ndoo ya maji kichwani mara nne kwa siku, unayeuza samaki umesimama kutwa, hayo ni mazoezi tayari, yahesabu. Nimeona mama kaokota korosho toka asubuhi alafu jioni anaruka kamba kwa njaa kwa sababu kaambiwa mazoezi ni lazima. Huyo anahitaji chakula na kupumzika.

Kama ukianza kuhesabu unajikuta kila punje ya wali inakutesa, unajichukia ukizidisha kijiko, acha hesabu kabisa, ruka nenda kwenye hatua ya chakula utumie sahani tu. Hesabu ni ya kukusaidia ule vya kutosha.

Hatua ya 2: Jikague kama umeshavuka mstari

Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa waraka kuhusu hali ya mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha kulingana na anavyojituma, na walisema wazi inawapata wanawake na wanaume. Zamani ilikuwa inasemwa ya wanawake tu. Na sio lazima uwe mwembamba, unaweza ukawa na mwili wako wa kawaida kabisa na ndani umeshafilisika.

Cha kwanza ni hedhi. Ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au imekuwa ya tone tone na ya kurukaruka, hiyo ni taarifa. Pima mimba kwanza, alafu jiulize kama unatumia sindano ya miezi mitatu au kijiti, mana hivyo vinaweza kukata siku vyenyewe, na vidonge vya majira vinaleta damu hata kama mwili umezima, kwa hiyo ukiwa kwenye njia hizo usitumie hedhi kama kipimo, angalia dalili nyingine. Na usimsikilize anayekwambia afadhali umepumzika na pedi. Hedhi ikikata kwa njaa maana yake homoni ya estrojeni imeshuka, na hiyo ndio inalinda mifupa. Mifupa tunaijenga mpaka tunakaribia miaka 30, ukipoteza kwenye umri huo kuna sehemu haitarudi.

Ndio linakuja suala la maumivu. Misuli kuuma siku mbili baada ya mazoezi ni kawaida. Lakini maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa, ugoko au unyayo, ukiibonyeza kwa kidole unaruka, yanauma mpaka usiku umelala, hiyo inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia siku hiyohiyo.

Nyingine ni kusikia baridi wakati wenzako wana joto, usingizi kukatika saa tisa usiku, kufunga choo, mafua yasiyoisha, hasira za ajabu, na kufikiria chakula muda wote. Hili la mwisho nilijiona mimi mlafi, nilikuwa naangalia video za mapishi mpaka usiku wa manane. Kumbe lina historia. Mwaka 1944 na 1945 kule Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwaweka vijana 36 wenye afya njema miezi sita wakila kama kalori 1570 kwa siku, karibu nusu ya walichozoea, huku wanatembea sana. Walipungua karibu robo ya uzito wao, mapigo ya moyo yakashuka, wakawa wanasikia baridi, wakawa wakali, na wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wanaume wazima, na walikuwa wanakula zaidi ya nilichokuwa nakula mimi. Kwa hiyo mdogo wangu ukijiona unaota chapati, huna tabia mbaya, una njaa.

Wakaka, nyie hamna hedhi ya kuwashtua, angalieni hamu ya tendo ikipotea, uume kutosimama asubuhi kama ulivyozoea, na nguvu jimu zinashuka kila wiki japo hukosi hata siku moja.

Pima na mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima. Ya kawaida ni 60 mpaka 100, wanaofanya mazoezi sana wanaweza kuwa chini ya hapo. Ukipata chini ya 50 na una kizunguzungu, nenda ukapimwe.

Vitu vya kwenda hospitali leoleo usisubiri kesho: kuzimia, moyo kurukaruka au kifua kuuma, na mkojo wa rangi ya soda ya koka baada ya mazoezi makali huku misuli imevimba na huwezi kuinyoosha. Huo mkojo maana yake misuli imevunjika ikaingia kwenye damu na inaweza kuharibu figo. Inawapata sana wanaoanza jimu kwa fujo siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Namna ya kurudi kama umeshafika huko

Kama mtu hajala kitu cha maana zaidi ya siku tano, au amekonda vibaya kwa muda mfupi, asianze kwa kujaza sahani nyumbani. Madini kwenye damu yanaweza kushuka ghafla chakula kinaporudi na ikawa hatari kwa moyo, huyo aanzie hospitali.

Kwa wengine wote, ongeza kama kalori 300 kwa siku wiki ya kwanza, wiki inayofuata ongeza tena, mpaka ufike kwenye ile hesabu kubwa bila kutoa kitu. Kalori 300 kwa huku kwetu ni bakuli dogo la uji na konzi moja ya korosho, haitishi. Kula mara tatu na vitafunwa mara mbili, usipitishe zaidi ya masaa manne mchana bila kitu, hata kama njaa huisikii, mana kwa mtu aliyejinyima sana ile njaa yenyewe inapotea.

Mazoezi simamisha ya kukimbia na ya kuruka angalau wiki mbili. Tembea taratibu jioni, nyoosha viungo, basi. Kama mfupa unauma hilo ni la daktari, sio la wiki mbili.

Sasa jiandae kichwani, mzani utapanda haraka kilo moja mbili au tatu, na hapa ndio wengi wanakimbilia tena kwenye tango. Tulia. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini kila gramu yake inakaa na maji kama gramu tatu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilo zile ni maji yanarudi nyumbani kwake. Mimi mzani niliupeleka kwa mama akauficha, aliniambia mwanangu kula kwanza, huo mzani haukukuzaa wewe. Hedhi inaweza kuchukua miezi kurudi, yangu ilirudi mwezi wa tano toka ikatike.

Hatua ya 4: Sahani ya kukaza mwili kwa vyakula vya huku

Huhitaji unga wa protini wa kwenye kopo. Ukitaka kujenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha kabisa, kwa mtu wa kilo 62 ni kama gramu 99. Inasikika nyingi lakini angalia: mayai mawili gramu 12, kipande kizuri cha samaki kama gramu 150 kinakupa 30, kikombe cha choroko au kunde zilizopikwa 14, konzi ya korosho 5, dagaa wakavu konzi moja kama 18, glasi ya maziwa 8. Hapo una 87, na ugali na wali navyo vina protini kidogo, ushafika.

Siku yangu sasa hivi iko hivi. Asubuhi muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu na mayai mawili na chai ya maziwa. Saa nne korosho na embe au chungwa. Mchana ugali, samaki wa kuchoma au mchuzi wa nazi, na kisamvu au mchicha mwingi. Jioni baada ya mazoezi ndizi na maziwa. Usiku wali na choroko, siku nyingine pweza nikimkuta feri bei nzuri. Msimu wa ming'oko (ile mizizi ya porini) naila badala ya muhogo. Ugali haujawahi kuwa adui wa mtu, ni mafuta ya gari lako, punguza ngumi moja ukitaka kupungua lakini usiufute.

Nazi na korosho zina kalori nyingi kwa ujazo mdogo, kwa anayetaka kupungua apime kwa konzi, kwa anayerudi toka kwenye njaa ni rafiki mkubwa. Ufuta, hasa usiokobolewa, una kalsiamu na madini chuma mengi, na Lindi mnaulima wenyewe, uponde nyunyiza kwenye mboga. Na kwenye kisamvu au kunde kamulia ndimu, inasaidia madini chuma yaingie mwilini, chai iache mpaka lisaa lipite baada ya kula mana inayazuia.

Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe, machache na mazito

Siku tatu kwa wiki za nguvu, kwa mfano jumatatu, jumatano, ijumaa, ili kila misuli ipate kama masaa 48. Huna jimu hamna shida. Skwati (kuchuchumaa na kusimama), kuinua ndoo toka chini mgongo umenyooka (ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, anza nusu), pushapu za ukutani kisha za ukingo wa kitanda kisha za chini, kuvuta dumu la lita tano kuja ubavuni umeinama, na planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka). Seti tatu, mara 8 mpaka 12 kila seti, na uache ukiwa unahisi ungeweza mara mbili zaidi. Dakika 40 umemaliza. Ikiwa rahisi ongeza maji kwenye ndoo, usiongeze siku.

Siku mbili tembea kwa kasi au jogingi nyepesi dakika 30 mpaka 45, ile ambayo unaweza kuongea na mwenzako. Kabla jua halijachoma au saa kumi na mbili jioni. Ukiwa mgeni wa kukimbia usiongeze umbali zaidi ya kama sehemu moja ya kumi kwa wiki. Siku mbili zilizobaki pumzika kweli. Lala masaa saba mpaka tisa. Matokeo utaanza kuyaona kwenye nguo baada ya wiki nane mpaka 12, kwa hiyo kama harusi iko wiki tatu mbele mwambie fundi ashone kwa mwili ulionao.

Mwezi wa mfungo mazoezi ya nguvu fanya baada ya kufuturu, au matembezi mepesi karibu na magharibi, na daku usiiruke. Na kama hedhi imekata kwa njaa au umekonda kupita kiasi, hali yako ni ya ugonjwa, zungumza na daktari na shehe wako kabla ya kufunga.

Hatua ya 6: Ukifika hospitali useme nini

Hapa wengi tunakwama. Unaenda unasema nina kizunguzungu, unapimwa malaria, haipo, unarudi na panadol. Kupima malaria ni sahihi, huku kwetu ipo na dalili zinafanana, lakini kama hujasema mengine daktari hawezi kuota. Iwe Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda kwa watu wa Masasi au kituo cha afya cha karibu, andika kwenye simu kabla hujaingia: nilikuwa na kilo ngapi na sasa ngapi na kwa muda gani, hedhi ya mwisho tarehe ngapi, nakula nini kwa siku nzima bila kuficha, nafanya mazoezi masaa mangapi, natumia chai au vidonge gani vya kupunguza mwili. Uliza kama unaweza kupimwa wingi wa damu, sukari, potasiamu, mapigo ya moyo kwa kipimo cha umeme, na kama kuna maumivu ya mfupa uombe picha, ila ujue ufa mdogo wiki za mwanzo unaweza usionekane kwenye eksirei, hivyo hata picha ikiwa safi endelea kuupumzisha huo mguu mpaka usiume ukiubonyeza. Na kama unatapika makusudi baada ya kula, au unashindwa kula hata ukitaka, liseme hilo la kwanza kabisa ukikaa kwenye kiti, na kama unaona aibu mpe daktari simu asome mwenyewe.